Si Kila “Give Up” ni Kukata Tamaa

Kitenzi cha Kiingereza “give up” kimeundwa kwa maneno mawili mafupi ambayo mtoto wa shule ya msingi anayajua. “Give” ni kutoa au kumpa mtu kitu; “up” ni juu. Yakikaa pamoja, habari ya juu hutoweka kabisa, na ile ya kutoa hujificha hadi itafutwe. Kinachobaki ni ukoo mzima wa maana: kuacha tabia, kupoteza matumaini, kusalimu amri, kukabidhi mali, kumpisha mzee kiti, kuondoka madarakani, kukubali kwamba fumbo limekushinda. Kiswahili hakina neno moja linalobeba yote hayo. Kina maneno zaidi ya kumi, na kila moja lina mahali pake.

Pamoja na utajiri huo, tafsiri inayotawala ni moja tu: kukata tamaa. Imeenea kwenye mabango, katika mahubiri, kwenye fulana na katika tafsiri zinazofanywa na kompyuta. “Never give up” huandikwa “Usikate tamaa”, na hapo hakuna kosa. Kosa huanza pale tafsiri hiyohiyo inapobebwa kila mahali. Daktari anapomwandikia mgonjwa kwa Kiingereza kwamba ni lazima “give up smoking”, mfasiri anayeandika kwamba mgonjwa akate tamaa ya kuvuta sigara amegeuza ushauri kuwa kitu kingine. Anayekata tamaa ya sigara bado anaitaka, ila ameona hataipata. Daktari hakusema hivyo. Alisema aache.

Vitenzi vya namna hii, vinavyoundwa kwa kitenzi cha kawaida na kijineno kama “up”, “off”, “out” au “in”, vimewasumbua wageni wa Kiingereza kwa muda mrefu. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake maarufu jijini London mwaka 1755, alikiri katika dibaji yake kwamba hakuna kitu kinachowatatiza wageni kuliko vitenzi hivi, akajitahidi kuvikusanya. Jina linalotumika leo, “phrasal verb”, lilienea kupitia kitabu cha Logan Pearsall Smith cha mwaka 1925, naye alieleza kwamba alilipata kwa Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kuu ya Oxford. Kwa hiyo aina hii ya vitenzi ilizungumzwa kwa mamia ya miaka kabla ya kupewa jina.

Ufunguo wa “give up” umo katika kijineno chake. “Up” katika Kiingereza haionyeshi mwelekeo peke yake. Mara nyingi huonyesha kwamba jambo limefika mwisho. “Eat up” ni kula chote kilichomo sahanini, “drink up” ni kunywa hadi tone la mwisho, “use up” ni kutumia hadi kuisha. Kiswahili hulifanya jambo hilo kwa njia nyingine: kwa “chote” na “yote”, au kwa kitenzi “maliza”. Mtu akishika hilo, “give up” huanza kueleweka: ni kutoa bila kubakiza, kutoa ambako mkono hubaki mtupu. Linalobaki kuulizwa ni kitu gani kilichotoka mkononi, na swali hilo ndilo linaloamua neno la Kiswahili.

Kikitoka kitu chenyewe, au uwezo wa kuamrisha, Kiswahili huenda vitani. Maana hii ya kukabidhi imo ndani ya Kiingereza tangu Zama za Kati: ngome, mji au mateka hutolewa kwa adui. Mfano ulio karibu na Afrika Mashariki ni wa tarehe 25 Novemba 1918, pale Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake wa Kijerumani na Kiafrika walipokabidhi silaha kwa Waingereza huko Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala nchini Zambia, siku 14 baada ya vita kusimamishwa Ulaya. Kiingereza kinaweza kusema kwamba walifanya “give up” kwa maana mbili: waliacha kupigana, na walitoa bunduki. Kiswahili huzitenganisha. Kwa la kwanza ni kusalimu amri; kwa la pili ni kusalimisha silaha. Mzizi ni mmoja, lakini viambishi vimegawana kazi. Serikali inapotangaza muda wa raia kurudisha bunduki zinazomilikiwa kinyume cha sheria, tangazo husema “kusalimisha silaha kwa hiari”. Mtuhumiwa anayekwenda kituoni kwa miguu yake “amejisalimisha”, na hapo kiambishi “ji” kinafanya kazi ambayo Kiingereza huipa neno zima: “give oneself up”. Mwandishi wa habari anayesema mtuhumiwa “amesalimu amri” polisi anamfanya aonekane kama kamanda aliyeshindwa vita.

Pana kutoa kwingine kunakofanana na huku, na ndiko kunakostahili kuangaliwa kwa makini kuliko kote. Mtoto wa Kiingereza akishindwa kufumbua fumbo husema “I give up”, yaani mwenye fumbo aseme jibu. Mtoto wa Kiswahili akishindwa na kitendawili huombwa mji. Mtegaji husema “nipe mji”, wasikilizaji humpa Mombasa, Kigoma, Bagamoyo au mji mwingine wowote, naye huupokea, hutamba kidogo kwamba amefika huko na kukirimiwa, kisha hutoa jibu. Hapa Kiswahili kimehifadhi waziwazi kile ambacho Kiingereza kimekificha ndani ya kitenzi. Kushindwa si hali ya moyoni tu. Ni kitu kinachotolewa, na kinachotolewa ni mji, kama vile mji unavyotolewa kwa aliyeuzingira. Mfasiri wa hadithi za watoto anayekutana na “I give up” katika mchezo wa mafumbo, akaandika “nimekata tamaa”, ameacha mezani tafsiri ambayo lugha yake ilikuwa imeshaiandaa. “Tumekupa mji” ndiyo yenyewe. Pale ambapo mchezo haupo, kwa mfano mwanafunzi anapozidiwa na hesabu, “nimeshindwa” au “imenishinda” hutosha. Hili la pili lina uzuri wake, kwani hesabu ndiyo inayopewa ushindi.

Katika mabishano ya watu wazima neno hubadilika tena. Mtu anayeacha kubishana hajashindwa kila mara. Huenda amechoka, au amejali amani. Kiswahili humwita aliyekubali yaishe. Kiingereza hakina neno linalofikia hapo sawasawa: “give in” hubeba kulegea mbele ya shinikizo, “concede” hubeba kukiri, hasa katika uchaguzi, ambako Kiswahili husema kukubali matokeo au kukubali kushindwa. “Give in” na “give up” huchanganywa sana na wanafunzi. Anayefanya “give in” amelegea mbele ya mtu au shinikizo linalomkabili. Anayefanya “give up” ameacha, hata kama hakuna aliyekuwa akimsukuma.

Kinachotoka mkononi kikiwa tabia, neno ni kuacha. Ameacha pombe, ameacha ugoro, ameacha kucheza kamari. Kiingereza hapa kina kanuni moja isiyovunjwa: kitenzi kinachofuata “give up” huchukua “ing”, kwa hiyo ni “give up smoking”, kamwe si “give up to smoke”. Mzungumzaji wa Kiswahili huteleza kwa sababu lugha yake hutumia “ku” ya kitenzi-jina, “kuacha kuvuta”, na “ku” hiyo humvuta kuelekea “to”. Kosa jingine linahusu nafasi ya kiwakilishi. Jina linaweza kukaa baada ya “up” au katikati, lakini kiwakilishi hukaa katikati tu: “give it up”. Kiswahili kina desturi inayosaidia kulikumbuka hilo, maana nacho hukiingiza kiwakilishi cha mtendwa ndani ya kitenzi: ameiacha, ameuacha, ameziacha.

Kati ya “ameacha pombe” na “ameachana na pombe” pana tofauti ambayo Kiingereza hakiwezi kuieleza kwa “give up” peke yake. Kuacha huweza kuwa kwa muda. Kuachana ni kama talaka: palikuwa na uhusiano wa pande mbili, na umevunjwa. Anayeitupa tabia pamoja na kila kinachoweza kumrudisha kwayo husemwa kwamba amemtupa jongoo na mti wake. Upande wa pili kuna kuacha kwa muda maalumu na kwa nia njema. Wakristo wanaozungumza Kiingereza huulizana kila mwaka ni kitu gani watakachofanyia “give up” katika siku 40 za Kwaresima. Hapo kuacha si neno baya, lakini kujinyima ni sahihi zaidi, kwa kuwa kitu chenyewe ni halali na mtu anakipenda. Kisawe cha Kiingereza cha kujinyima ni “forgo”, neno la zamani ambalo vijana wa Kiingereza hulitumia kwa nadra.

Ndipo inapofika zamu ya tamaa. Neno hili lina asili ya Kiarabu na lina nyuso mbili ambazo msemaji wa Kiswahili huzibadilisha bila kufikiri. Tamaa ni uroho, ile inayotajwa katika “tamaa mbele, mauti nyuma”. Na tamaa ni tegemeo, ile inayokatwa. Katika “kukata tamaa” uroho haumo. Kinachokatwa ni kamba iliyokuwa imemfunga mtu na jambo analolisubiri. Kiingereza kina neno moja zito kwa hali hiyo, “despair”, lililojengwa katika Kilatini kwa tumaini na kiambishi cha kuliondoa. Lakini “despair” ni la huzuni kuu na la vitabuni, ilhali “give up” na “kata tamaa” huweza kusemwa hata sokoni mtu akikosa nazi nzuri.

Kukata tamaa hutofautiana na kufa moyo na kuvunjika moyo. Aliyevunjika moyo amepata pigo. Nguvu zimepungua, lakini bado yumo. Aliyekata tamaa amefikia uamuzi. Kiingereza hutofautisha vivyo hivyo kati ya “lose heart” na “give up”, na mwandishi anayezichanganya humpa mhusika wake uamuzi ambao hajaufanya. Kisha kuna tamaa inayokatwa juu ya mtu mwingine. Kiingereza huongeza kijineno cha pili: “give up on someone”. Kiswahili hakihitaji neno jipya. Kauli ya kutendea inamaliza kazi. Wazazi wamemkatia tamaa kijana wao. Madaktari walikuwa wamemkatia tamaa mgonjwa. Herufi chache za kiambishi zimebeba uzito wa “on”, pamoja na uchungu wa aliyeachwa.

Mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 zinaonyesha jinsi maana hizi zinavyoachana. Wanariadha 75 walianza, 57 wakamaliza. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alitumia saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliingia uwanjani akichechemea, goti likiwa limefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani, akavuka mstari akiwa wa mwisho. Kiingereza husema hakufanya “give up”, na maneno hayo mawili hufunika mambo matatu. Hakukata tamaa: hilo ni la moyoni. Hakuacha mbio: hilo ni la miguuni. Hakujitoa mashindanoni: hilo ni la daftari la waamuzi, ambako wale 18 wengine waliandikwa kwamba hawakumaliza. Mwandishi wa michezo analazimika kuchagua analotaka kusema, na uchaguzi huo unampa msomaji habari ambayo Kiingereza hakikuitoa. Katika ngumi amepewa hata picha nyingine, ya kurusha taulo, ambayo Kiswahili kimeiazima kutoka ulingoni na kuitumia hadi bungeni.

Uwanja ambao Kiswahili kimejitajirisha zaidi ni wa vyeo. Kiingereza hugawa kazi kwa kupanga visawe kidaraja, na daraja hilo lina historia. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya watawala na mahakama, Kilatini kikaendelea kuwa cha kanisa na wasomi, na Kiingereza kikabaki kinywani mwa watu wa kawaida. Ndiyo maana hata leo “give up” ni la mazungumzo, huku “surrender”, “resign”, “relinquish”, “renounce” na “abdicate” yakivaa suti. “Surrender” lilitoka katika Kifaransa likiwa na maana ya kurudisha au kukabidhi, kwa hiyo ndani yake mna kutoa kulekule kulikomo katika “give up”. “Capitulate” lina asili ya Kilatini inayohusu vichwa vya habari, kwa kuwa masharti ya kusalimu amri yalipangwa kifungu kwa kifungu. “Abdicate” hutumika hasa kwa kiti cha enzi, kama Mfalme Edward VIII alivyokiacha Desemba 1936. Zanzibar ilikuwa imeshuhudia jambo kama hilo miaka 25 kabla yake: Sayyid Ali bin Hamud alijiuzulu usultani Desemba 1911 akiwa Ulaya, na Sayyid Khalifa bin Haroub akashika nafasi hiyo hadi 1960.

Kiswahili hakipangi maneno yake kwa suti na kaptura. Hupanga kwa namna mtu alivyoondoka. Kujiuzulu ni neno rasmi la barua. Kung’atuka liliingia katika siasa za Tanzania kutoka lugha ya Kizanaki kupitia Mwalimu Julius Nyerere, aliyekabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi tarehe 5 Novemba 1985, na tangu hapo limebeba maana ya kuondoka kwa hiari na kwa heshima, mtu akiwa bado ana uwezo wa kubaki. Kumsema waziri aliyeshinikizwa na kashfa kwamba “ameng’atuka” ni kumpa sifa asiyoistahili. Huyo amejiuzulu, au kwa lugha ya magazeti, ameachia ngazi. Kubwaga manyanga ni kuacha jambo ambalo mtu alikuwa akiliongoza, kama mpiga ngoma anayetua chini vile vibuyu vya kutikisa. Mchezaji wa mpira hutundika daluga. Mtumishi wa umma aliyetimiza umri hustaafu, na hapo “give up” haifai hata kidogo. Mtu anayetafsiri “he gave up his job” hana budi kwanza kujua aliondokaje, na pengine atalazimika kuisoma habari nzima kabla ya kuandika neno moja.

Katika sheria uchaguzi wa neno huwa na matokeo makubwa zaidi. Sheria ya uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo Watanzania wanaochukua uraia wa Marekani, Uingereza au Kanada huupoteza wa kwao. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa katiba yake ya mwaka 2010. Kwa Kiingereza cha kawaida watu husema wamefanya “give up” ya uraia. Lugha ya fomu ni “renounce”, na Kiswahili cha serikali ni “kuukana uraia”. Kukana ni neno kali. Ndilo la anayekataa kwamba anamjua ndugu yake, au anayepinga shtaka kizimbani. “Give up” lilisema mtu ameachilia kitu. “Kukana” linasema amekigeuzia mgongo. Wengi walioko ughaibuni huumizwa na neno hilo, na wana haki, maana walichoacha ni hati na si asili. “Kuacha uraia” lingetosha kwa kazi hiyohiyo.

Maana zilizobaki ni nyepesi zaidi. Kumwachia mtu kiti katika daladala au matatu ni “give up one’s seat”, na Kiswahili husema kumpisha, neno ambalo tayari lina adabu ndani yake; hata tangazo halihitaji kuongeza “tafadhali”. Kutoa uhai kwa ajili ya wengine ni kujitoa mhanga. Mshirika katika uhalifu anayewataja wenzake kwa polisi amefanya “give up” ya wenzake, na kwa Kiswahili amewataja au amewasaliti, kutegemea anayesimulia yuko upande gani. “Give up the ghost”, ambayo imo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ni kukata roho. Lakini Waingereza huitumia pia kwa mashine iliyogoma, na hapo Kiswahili hakikubali. Gari halikati roho. Gari hufa, au huzima.

Kukata roho, kukata tamaa, kukata shauri, kukata kiu: mfuatano huu unaonyesha kwamba hata Kiswahili kina vitenzi vya maneno mawili visivyoelezeka kwa kuyatazama maneno hayo moja moja. Kiingereza hukiongezea kitenzi kijineno cha mahali. Kiswahili hukiongezea jina. Mgeni anayejifunza Kiswahili huhangaika na “piga pasi”, “piga simu” na “piga magoti” kama Mswahili anavyohangaika na “give up”, “give in” na “give out”. Mwalimu wa Kiingereza katika shule za Afrika Mashariki ana mfano huu tayari vichwani mwa wanafunzi wake, na ni hasara kwamba hutumika mara chache. Mitihani huendelea kumtaka mwanafunzi abadilishe neno moja la Kiingereza kwa kitenzi cha maneno mawili, na wanafunzi huzikariri orodha kama jedwali la kuzidisha.

Kwa hiyo wanaotunga kamusi za shule wanaombwa jambo moja lisilo na gharama kubwa: wasiweke “kata tamaa” peke yake mbele ya “give up”. Waweke sentensi sita. Iwepo ya mvutaji aliyeacha sigara, ya askari aliyesalimisha bunduki, ya mtuhumiwa aliyejisalimisha, ya kijana aliyempisha bibi kiti, ya wazazi waliomkatia tamaa mtoto, na ya watoto waliozunguka moto jioni wakampa mwenzao mji.